Biskuti za karanga na kahawa kutokana na wimbo wa "Chambua Kama Karanga": nilivyozioka hapa Mwanza

MWANZISHA UZI (Mwanza)

Ndugu zangu wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikioka biskuti ambazo hazikutoka katika kitabu cha mapishi bali zimetoka katika wimbo, na kwa kuwa wengi wameniuliza kwa nyakati tofauti wimbo unawezaje kuingia ndani ya unga, nimeona niandike uzi mmoja wenye maelezo yote, vipimo vikiwemo, ili anayetaka kuzijaribu nyumbani kwake asilazimike kubahatisha.

Wimbo wenyewe ni "Maria Salome" wa Saida Karoli, mwimbaji wa Bukoba, mkoani Kagera, ambao wengi wetu tumeuzoea kwa jina la "Chambua Kama Karanga". Ulivuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo ilikuwa nadra kwa wimbo wa Kihaya kupigwa nchi nzima, na vijana waliokuwa wadogo wakati ule wameufahamu zaidi kupitia "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya mwaka 2016. Mimi si Mhaya, na Kihaya changu hakizidi salamu. Lakini katika miaka ile nilisafiri na shangazi yangu kwa meli ya usiku kutoka hapa Mwanza kwenda Bukoba. Yeye alibeba karanga za kukaanga ndani ya kikapu, tukawa tunazimenya moja moja huku wimbo ule ukirudiwa kwenye redio ya abiria mwenzetu, hadi taa za bandari ya Kemondo, karibu na Bukoba, zikaonekana. Tangu safari ile, karanga na sauti ya Saida Karoli kwangu haviachani.

Nimeona watu wengi wanaooka kwa kumuenzi msanii wampendaye wakichora sura yake kwa sukari ya rangi juu ya biskuti, au wakikata unga katika umbo la gitaa au la kipaza sauti. Sina ugomvi nao, na wengine wana mikono ya ajabu. Hata hivyo naamini kwamba biskuti ya namna hiyo inamalizikia machoni, kwa sababu ukifumba macho na kuitafuna, huwezi kutambua kama imetokana na msanii huyu au yule. Kazi ya msanii inatakiwa iingie katika namna ya kuandaa na katika ladha yenyewe. Na wimbo huu una bahati moja kubwa kwa mpishi, nayo ni kwamba umetupa kitenzi.

Kuchambua, kwa mtu wa kanda ya ziwa, si neno la mbali. Tunachambua mchele kwenye ungo ili kuondoa mawe, tunachambua mboga za majani ili kuondoa yaliyotobolewa na wadudu, na katika nchi hii ya pamba kila mtoto amewahi kupita karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, ambako nyuzi hutenganishwa na mbegu. Kwa hiyo neno hilo lina mambo mawili ndani yake: kutenganisha kizuri na kibaya, na kukifikia kilichofichika kwa kuondoa kinachokifunika. Karanga inataka yote mawili. Ina ganda gumu la nje, kisha ina ngozi nyekundu, kisha punje yenyewe hupasuka nusu mbili, na katikati ya nusu hizo, upande wa ncha, kuna kiini kidogo ambacho ndicho kingeota kama ungeipanda. Hizo ni hatua nne, na biskuti zangu zimejengwa juu yake.

Sikulijua hilo tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilizioka kwa ajili ya sherehe ya kumuaga mpwa wangu aliyekuwa anaolewa Bukoba. Nilitengeneza biskuti 80, nikachora vingoma vidogo juu yake kwa sukari ya rangi, nikaziita kwa jina la wimbo, na wageni wakazipiga picha kwa furaha. Karanga nilikuwa nimezinunua dukani zikiwa zimekwisha kumenywa, nikazisaga hivyo hivyo kwa sababu ya haraka. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliuma kipande, akanyamaza, akakiweka taratibu pembeni ya sahani. Nilipoonja cha kwake nikakuta uchungu wa karanga mbovu, ule unaokaa kwenye koo hata baada ya kunywa maji. Waliosema samaki mmoja akioza wote wameoza walisema kweli, kwani punje chache tu zilizosagwa pamoja na nyingine ziliharibu bakuli zima. Niliumia sana usiku ule. Nilikuwa nimeleta mbele ya wazee wa Bukoba biskuti zenye jina la kuchambua, na kuchambua kwenyewe sikukufanya.

Uchungu ule pia si jambo la ladha peke yake. Karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo, hasa ile inayoitwa Aspergillus flavus, hutengeneza sumukuvu ambayo hudhuru ini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumu hiyo kwenye mahindi, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoathirika kwa urahisi kama mahindi. Kukaanga hakuiondoi kwa uhakika, kwa sababu inastahimili joto la jikoni, na kuna punje zenye sumu ambazo hazina uchungu wowote. Kinachosaidia zaidi nyumbani ni kununua karanga kavu, kuzihifadhi pakavu, na kuziondoa moja moja kwa mkono zile zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye weusi, zenye ukungu wa kijani au wa njano, na zilizoanza kuota. Sumu hujikusanya katika punje chache mbovu kuliko kuenea sawasawa katika gunia lote, na ndiyo maana mkono unaochambua kwa makini huipunguza sana. Nilipolielewa jambo hili nilikaa kimya kwa muda. Neno nililokuwa nikiliimba tangu usichana lilikuwa pia ndilo linalomlinda mlaji.

Sasa nianze na karanga, kwani hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko hatua nyingine zote, na anayeharakisha hapo asitarajie unga umsaidie baadaye.

Nunueni karanga zenye maganda kila inapowezekana, kwa sababu ganda huilinda punje, nanyi mtaona wenyewe kilichomo. Menyeni, kisha tandazeni punje kwenye ungo mahali penye mwanga wa mchana na mchambue kwa namna niliyoieleza. Baada ya hapo zikaangeni. Kama mna oveni, nyuzi joto 160 kwa dakika 15 hadi 18 zinatosha, mkizigeuza mara mbili. Kama hamna, sufuria kavu yenye chini nzito, moto mdogo, na mwiko usiopumzika. Ziepueni zikiwa na rangi hafifu kuliko mnayoitaka, kwa kuwa karanga hubeba joto jingi ndani yake na huendelea kuiva hata zikiwa nje ya moto. Zikipoa, zifikicheni ndani ya kitambaa kigumu ili ngozi nyekundu itoke, kisha zipepeteni kwa ungo. Mkifikicha zaidi kidogo, punje zitapasuka nusu mbili na vile viini vitaanguka, vichekecheni vitoke. Viini hivyo vina uchungu wa asili, mdogo lakini unaosikika, na nimejiridhisha kwamba biskuti isiyokuwa navyo ina ladha safi zaidi ya karanga. Hakuna hatua ninayoipenda kama hii, kwa sababu ukishaifanya unakuwa umeifuata karanga hadi ndani kabisa.

Kwa biskuti 28 hivi za gramu 25 kila moja, mnahitaji unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 150, sukari gramu 100, karanga zilizokwisha kuchambuliwa na kukaangwa gramu 150, yai moja, beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai ikiwa siagi yenu haina chumvi, na kahawa ya unga inayoyeyuka vijiko viwili vya chai. Gramu 50 za karanga zitwangwe kwenye kinu hadi zilainike na kutoa mafuta. Gramu 100 zilizobaki zikatwekatwe kwa kisu zibaki na vipande vinavyohisiwa na meno, isipokuwa nusu 28 nzuri mtakazozitenga kwa ajili ya kuweka juu. Karanga ina karibu nusu ya uzito wake ikiwa mafuta, na ndiyo sababu siagi nimeipunguza kutoka gramu 175 nilizokuwa nikitumia mwanzoni. Bila kupunguza, biskuti hulowana mafuta chini.

Kahawa nimeiingiza kwa sababu ya Bukoba. Kagera ni nchi ya kahawa ya robusta, ambayo ni kali na yenye uchungu mzito kuliko arabika, na kiwanda cha Tanica kilichopo Bukoba kimekuwa kikitengeneza kahawa inayoyeyuka kwa miaka mingi, kwa hiyo haikunipa shida kuipata hapa Mwanza. Iyeyusheni kwa kijiko kimoja cha chakula cha maji ya moto na muiache ipoe kabisa kabla ya kuichanganya na siagi, maana ikiingia na moto wake siagi itayeyuka na biskuti zitatandaa. Msitumie kahawa ya kupika, ile ya kusagwa, kwani chembe zake haziyeyuki na zitabaki kati ya meno ya mlaji.

Koroga siagi na sukari hadi zishikane tu. Msizipige hadi ziwe nyeupe na kuumuka kama mnavyofanya kwenye keki, kwa sababu hewa nyingi huipandisha biskuti na kisha kuiangusha. Ongezeni karanga zilizotwangwa, kahawa, na yai. Unga, beking pauda na chumvi vichekecheni pamoja na muviingize mwishoni, mkivichanganya kwa mwiko hadi msione unga mkavu, kisha muache papo hapo. Anayeukanda kama wa chapati atapata biskuti ngumu, kwa kuwa kukanda ndiko kunakoujengea unga wa ngano ile nguvu ya kuvutika. Malizieni na vipande vya karanga. Funikeni, muweke mahali pa baridi kwa dakika 30, ndipo mviringishe vidonge, mviminye kidogo, na kuweka nusu moja ya karanga juu ya kila kimoja, upande wa bapa ukitazama juu, ili pale kiini kilipokuwa paonekane. Hilo ndilo pambo pekee. Okeni kwa nyuzi joto 170 kwa dakika 13 hadi 15. Zitatoka laini katikati na hilo lisiwatie hofu. Ziacheni kwenye bati dakika 10 zishike.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi wa Mwanza tunalisahau tunapofuata vipimo vya Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Hewa ikiwa nyepesi, gesi ya beking pauda hutanuka zaidi na maji hutoka haraka kwenye unga. Kwa hiyo kijiko kizima cha chai, ambacho huenda kikafaa pwani, kwetu hupandisha biskuti na kuzipasua juu. Nusu kijiko kinatosha kabisa.

MCHANGIAJI KUTOKA NYAKATO

Shikamoo mama. Nimeusoma uzi wako mara mbili na nimevutiwa sana, hasa maelezo ya kiini cha karanga, ambacho nimekila maisha yangu yote bila kukijua. Swali langu ni kwamba sina oveni wala sitarajii kuwa nayo karibuni. Ninalo jiko la mkaa na sufuria kubwa. Je, biskuti hizi zinawezekana, au nisubiri?

MWANZISHA UZI

Marahaba, mwanangu. Usisubiri. Oveni yangu ya kwanza ilikuwa sufuria, na bado huirudia umeme ukikatika.

Tafuta sufuria nzito na umwagie ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, kisha uweke juu yake pete ya bati au vijiwe vitatu vya kimo kimoja vitakavyolibeba bati la biskuti. Bati lisiguse mchanga wala kingo za sufuria, maana hewa moto inatakiwa izunguke. Funika kwa sinia la bati lenye ukingo, kwa sababu utaweka makaa juu yake. Hapo ndipo wengi hukosea: huacha moto wote chini, biskuti zikaungua chini zikiwa mbichi juu. Gawa makaa yako mafungu matatu, mawili yaende juu na moja libaki chini. Pasha sufuria tupu kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuweka chochote ndani.

Ili kuujua moto bila kipimajoto, nyunyiza unga kijiko kimoja kwenye sahani ya bati, uiingize ndani, ufunike, uhesabu dakika 5. Unga ukiwa na rangi ya dhahabu, moto wako unafaa. Ukiwa haujabadilika, ongeza makaa juu. Ukiwa wa kahawia iliyokolea, toa baadhi na usubiri. Oka biskuti 8 au 9 tu kwa mkupuo, na uanze kuziangalia dakika ya 12, lakini usifunue kila wakati, kwa kuwa kila unapofunua unaipoteza kazi ya dakika kadhaa. Nakuomba sana ufanye haya nje au penye uwazi, kwani moshi wa mkaa usioonekana huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa.

MCHANGIAJI KUTOKA BUKOBA

Dada, hongera kwa kazi yenye heshima. Mimi ni Mhaya, na nilipoona kichwa cha uzi niliingia nikiwa na shaka, kwani mara nyingi watu hutuchukulia nyimbo zetu kwa mdundo tu. Umeichukua kwa maana yake.

Naomba nichangie kwenye kahawa. Kwetu kahawa ya zamani si ya kunywa bali ya kutafuna. Hupikwa ikiwa na ganda lake pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, na mgeni akiingia nyumbani hupewa punje chache mkononi kama ishara ya kukaribishwa. Kwa hiyo biskuti yako ikiwa ya kupokelea wageni, kahawa inastahili kuwemo. Lakini nimeoka jana kwa vipimo vyako, na kwa ulimi wangu vijiko viwili vimezidi; karanga imefunikwa na inasikika mwishoni tu. Pia nakuuliza, umewahi kujaribu kuitumia hiyo kahawa ya kutafuna yenyewe?

MWANZISHA UZI

Kaka, nashukuru kwa maneno haya, ambayo yamenifariji kuliko unavyodhani, kwa kuwa niliogopa zaidi hukumu ya watu wa Bukoba.

Kuhusu kipimo, nimerudia usiku wa jana nikiwa na bakuli mbili, moja ya kijiko kimoja na nyingine ya viwili, nikawapa majirani bila kuwaambia. Bakuli ya kijiko kimoja ndiyo iliyoisha kwanza, na mimi pia nilipoonja nikakubaliana nawe. Karanga ndiyo yenye wimbo na inatakiwa isikike kwanza. Tafadhali wote mnaofuata uzi huu, wekeni kijiko kimoja cha chai, na maji ya kuyeyushia yapungue yawe vijiko viwili vya chai.

Kahawa ya kutafuna nimeijaribu. Nilivunja punje chache na kuzichanganya kwenye unga, lakini ganda lake halilainiki kwa dakika 15 za moto, na mlaji anabaki na makapi mdomoni asijue ayateme wapi. Kwa maoni yangu, njia nzuri zaidi ni kuitumia kama mnavyoitumia wenyewe: biskuti ziwe kwenye sahani, na punje za kahawa pembeni yake, mgeni achukue hiki na hiki. Katika sherehe ijayo upande wa mpwa wangu nitafanya hivyo, na natamani yule mzee awepo.

MCHANGIAJI KUTOKA SENGEREMA

Habari za jioni. Zangu zimetandaa zikaungana zikawa kitu kimoja kama mkate wa bapa. Ladha ni nzuri, ila umbo hakuna. Nilifuata vipimo vyote, isipokuwa kwamba nilitumia kikombe badala ya mizani, na sina friji.

MWANZISHA UZI

Pole, ndugu yangu, na usivitupe; vikate vipande ukavioke tena dakika 5, vitakuwa vikavu na vitamu kwa chai.

Biskuti hutandaa pale siagi inapoyeyuka kabla unga haujashika, na katika joto letu la mchana siagi huwa nusu maji hata kabla ya kuingia kwenye moto. Kwa asiye na friji, weka bakuli la unga ndani ya beseni la maji ya mtungi, ulifunike kwa kitambaa kilicholowa, uliache penye upepo kwa saa moja, au oka alfajiri. Jambo la pili ni kikombe. Kikombe cha mililita 250 kilichojazwa unga kwa kijiko bila kushindiliwa hubeba gramu 125 hivi, kwa hiyo unahitaji viwili, na sukari nusu kikombe. Sukari ikizidi nayo hutandaza, kwani huyeyuka na kuwa maji ndani ya moto. Naomba pia uhakikishe kwamba bati lako limepoa kabla ya kupanga mkupuo wa pili. Wengi hulipanga likiwa bado moto, na hapo siagi huanza kuyeyuka mkono ukiwa bado juu yake.

MCHANGIAJI KUTOKA IGOMA

Mimi nafanya biashara ndogo ya vitafunwa. Naona biskuti hizi zinaweza kupata soko, hasa nikiweka picha ya msanii kwenye mfuko. Unanishauri vipi?

MWANZISHA UZI

Nakushauri usiweke picha wala jina lake bila ridhaa yake. Jina na sura ya msanii ni sehemu ya riziki yake, na kumpenda hakutupi haki ya kuvifanyia biashara. Ziite biskuti za karanga na kahawa, nazo zitajiuza zenyewe. Kwa upande wa usalama wa chakula, nenda ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Mwanza wakuelekeze namna ya kuanza, na TBS, shirika la viwango, kuhusu ubora na alama. Na kwa kuwa utauza kwa watu wengi, uzito wa kuchambua karanga kwako ni mkubwa kuliko kwangu mimi ninayeokea nyumba yangu. Mfuko uwe usiopitisha hewa. Wakati wa mvua biskuti hunyonya unyevu wa ziwa na kulegea kwa siku mbili tu.

MCHANGIAJI KUTOKA NANSIO, UKEREWE

Shikamoo mama. Nimeoka jana kwa jiko la mkaa kama ulivyomwelekeza mwenzetu wa Nyakato, kwa kijiko kimoja cha kahawa, na zimetoka vizuri sana. Bibi yangu, ambaye hali vitu vya sukari, alikula tatu. Karanga tulizichambua pamoja barazani, yeye akiwa na macho makali kuliko mimi, na katika kilo mbili tulitoa kopo zima la punje zilizosinyaa na zenye weusi. Anasema ni hasara kuzitupa na anataka tuwape kuku. Tufanye hivyo?

MWANZISHA UZI

Marahaba, mwanangu, na umfikishie bibi shikamoo yangu. Mwambie kwa heshima kwamba asiwape. Sumukuvu huwadhuru kuku kama inavyotudhuru sisi, vifaranga ndio huanza kufa, na ng'ombe akila, hupitia kwenye maziwa na kumfikia mtoto anayeyanywa. Msizikamue mafuta pia, wala msizisage kwa ajili ya mboga. Chimbeni shimo refu mbali na banda, mzifukie, na ungo mliotumia muuoshe na kuuanika juani kabla ya kuchambulia kitu kingine.